Galen: Tabibu wa wapiganaji aliyeonyesha njia ya neva ya sauti

Na Mwandishi Wetu

MAPEMA katika miaka ya 160 baada ya Kristo, kundi la wakubwa wa jiji la Roma lilikusanyika kumtazama tabibu mmoja kutoka Asia Ndogo akimpasua nguruwe aliye hai.

Miongoni mwao walikuwamo wanafalsafa, maofisa wa serikali na watu waliowahi kushika cheo cha ukonsuli. Mnyama alikuwa amefungwa kwa kamba juu ya ubao, akipiga kelele kama afanyavyo nguruwe yeyote anapobanwa.

Tabibu alipitisha uzi chini ya nyuzi mbili za shingoni, nyembamba kama unywele, kisha akaukaza. Kelele zikakoma papo hapo, ingawa mnyama aliendelea kuhema na kutupa miguu. Alipoulegeza uzi, sauti ikarudi.

Tendo hilo lilikuwa la kikatili, na mwandishi wa makala haya hana nia ya kulipamba. Hata hivyo, ndilo lililoamua mbele ya macho ya watu ubishi uliodumu kwa karne kadhaa, yaani iwapo sauti na akili ya kiumbe hutawaliwa na moyo au na ubongo.

Tabibu huyo aliitwa Galen. Waarabu walimwita Jalinus, na kwa muda wa miaka zaidi ya 1,300 hapakuwa na jina kubwa kuliko lake katika mafunzo ya uganga wa kitaalamu, kuanzia Baghdad na Cairo hadi Paris na Padua.

Mtoto wa mjenzi

Galen alizaliwa mwaka 129 katika mji wa Pergamon, ambao leo huitwa Bergama na uko magharibi mwa Uturuki. Ulikuwa mji tajiri wa Kigiriki chini ya utawala wa Roma, wenye maktaba mashuhuri na hekalu la Asclepius, mungu wa tiba, ambako wagonjwa walikwenda kulala wakitarajia kuoteshwa dawa.

Baba yake, Nicon, alikuwa msanifu majengo na mwenye mashamba, mtu mpole aliyependa hesabu. Kuhusu mama yake, Galen ameandika bila kumficha kwamba alikuwa mwenye hasira kali, kiasi cha kuwauma kwa meno watumishi wake wa kike. Ni nadra mwana kumwandika mama yake hivyo, lakini Galen hakuwa mtu wa kumeza maneno.

Awali kijana huyo aliandaliwa kuwa mwanafalsafa. Alipokuwa na umri wa miaka 16, baba yake aliota ndoto iliyomwelekeza kumsomesha uganga, na akaitii. Miaka michache baadaye Nicon alifariki dunia, akamwachia mwanawe mali ya kumtosha kuzunguka duniani akitafuta walimu.

Alikwenda Smyrna, mji ambao leo ni Izmir, akasoma kwa Pelops. Kutoka hapo alivuka bahari hadi Korintho akimtafuta mwalimu mwingine, Numisianus, na hatimaye akafika Alexandria nchini Misri, ambako mwanafunzi wa tiba angeweza kuona mifupa kamili ya binadamu kwa macho yake.

Mifupa tu, si mwili. Zaidi ya miaka 400 kabla yake, mabingwa wawili wa Alexandria, Herophilus na Erasistratus, walikuwa wamepasua maiti za watu na kuanza kutofautisha neva na mishipa ya damu. Kufikia zama za Galen desturi hiyo ilikuwa imekwisha kabisa, hivyo yeye alilazimika kujifunza mwili wa mtu kwa kupasua nyani wa Afrika Kaskazini, nguruwe, mbuzi na ng'ombe. Jambo hili msomaji aliweke akilini, kwani litarudi.

Mwaka 157 Galen, akiwa na umri wa miaka 28, alirejea Pergamon. Kuhani mkuu wa mji alikuwa akitafuta tabibu wa kuwatunza magladieta, wapiganaji waliokatana kwa panga uwanjani ili kuwaburudisha watazamaji.

Galen anasimulia kwamba alimpasua nyani tumbo mbele ya kadamnasi, akautoa utumbo nje, kisha akawataka matabibu wenye umri mkubwa kuliko wake waurudishe na kumshona mnyama. Hapana aliyethubutu. Akaifanya kazi hiyo mwenyewe, naye akapewa ajira.

Kwa miaka ipatayo minne majeraha ya wapiganaji yalikuwa darasa lake. Mguu uliofunguliwa kwa upanga ulimwonyesha kano, misuli na neva za mtu aliye hai, jambo ambalo sheria na desturi zisingemruhusu kulitafuta kwa kisu chake. Alijifunza kwamba jeraha dogo lililokata neva linaweza kuulemaza mguu kuliko jeraha pana la nyama, na kwamba kiungo hupoteza nguvu au hisia kulingana na neva iliyokatwa.

Aliandika kwamba waliokufa mikononi mwake walikuwa wachache mno wakilinganishwa na wale wa waliomtangulia. Ushahidi ni wake yeye mwenyewe, kwa hiyo upokewe kwa tahadhari.

Vidole vya Pausanias

Galen aliingia Roma mwaka 162. Jiji lilijaa matabibu waliogombea wateja matajiri, wengi wao wakiwa Wagiriki kama yeye, na ilimbidi mgeni ajulikane haraka au arudi kwao.

Alianza kwa kumponya Eudemus, mwanafalsafa mzee aliyeshikwa na homa ya vipindi, akitabiri siku ambazo homa ingepanda na kushuka. Habari zikaenea. Baadaye alimtibu mke wa Flavius Boethus, aliyewahi kuwa konsuli, naye Boethus akamlipa vipande 400 vya dhahabu.

Lakini mgonjwa anayestahili kukumbukwa zaidi ni Pausanias, msemaji kutoka Syria aliyeishi kwa kufundisha ufasaha wa lugha. Bwana huyo alikuwa amepoteza hisia katika kidole cha mwisho, kidole cha pete na nusu ya kidole cha kati cha mkono mmoja. Aliweza kuvikunja na kuvikunjua, ila akiviguswa hakujua.

Matabibu waliomtangulia Galen walikuwa wakivipaka dawa vidole hivyo siku baada ya siku bila ya mafanikio. Galen hakuanza na vidole. Alimuuliza mgonjwa iwapo aliwahi kuumia popote.

Pausanias akakumbuka kwamba, akiwa safarini, alianguka kutoka kwenye gari la farasi, na sehemu ya juu ya mgongo ikagonga jiwe lenye ncha. Maumivu yalipoa baada ya muda naye akayasahau. Ganzi ya vidole ilikuja polepole baadaye.

Galen aliagiza dawa ileile iondolewe vidoleni na kuwekwa mgongoni, mahali pa jeraha la zamani, chini kidogo ya shingo. Hisia zikarudi. Matabibu wenzake walishangaa iwaje vidole vitibiwe kwa kupaka mgongo, na inaelezwa kuwa walishangaa zaidi aliposema kwamba neva zinazopeleka hisia kwenye ngozi si zile zinazoamuru misuli, ndiyo maana mtu anaweza kusogeza kidole ambacho hakihisi.

Daktari wa leo hatashangaa hata kidogo. Neva ya nane ya shingo hutoka chini ya pingili ya saba na nyuzi zake huishia upande wa kidole cha mwisho. Kila mwaka hospitalini huja watu wenye ganzi ya vidole ambao tatizo lao liko shingoni, au kwenye kiwiko, au kwenye kifundo cha mkono, na kazi ya kwanza ya daktari ni kujua ni wapi kati ya hapo.

Ile nusu ya kidole cha kati nayo ina habari yake. Vitabu vya anatomia hufundisha kwamba neva ya alna, ile inayopita nyuma ya kiwiko na kutupiga shoti tukijigonga, huhudumia kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete. Mpaka unaishia hapo. Hata hivyo, kuna watu ambao mpaka huo umesogea, ukachukua kidole chote cha pete pamoja na upande wa kidole cha kati, na wapo wengine ambao umerudi nyuma.

Mwaka 1763 mwanaanatomia wa Sweden, Roland Martin, aliandika kwamba kwa baadhi ya watu kuna kiungo ndani ya mkono, kati ya kiwiko na kifundo, ambapo nyuzi za neva ya kati huvuka na kujiunga na neva ya alna. Wenzel Gruber, aliyefanya kazi St Petersburg, alilichunguza jambo hilo kwa kina mwaka 1870. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba si jambo la ajabu, kwani lipo kwa sehemu kubwa ya watu wenye afya njema ambao hawatajua kamwe kwamba wanalo.

Tofauti hiyo huleta matata siku ya ajali. Mtu aliyekatwa neva ya alna karibu na kiwiko anaweza kuendelea kusogeza vidole ambavyo kitabu kinasema vimepooza, naye daktari asiyejua akadhani neva imesalimika. Vivyo hivyo, kipimo cha umeme wa neva kinaweza kutoa majibu yasiyoeleweka kwa mgonjwa ambaye neva ya kati imebanwa kwenye kifundo cha mkono.

Galen hakuyajua hayo. Alichokijua, na hilo lilitosha kumponya Pausanias, ni kwamba ugonjwa unaweza kuonekana mahali pamoja ilhali chanzo chake kiko mbali, na kwamba njia ya kukifikia chanzo ni kuifuata neva hadi inakotoka.

Ndivyo alivyoifikia pia neva ya sauti.

Wanafalsafa wa Kistoa walishikilia kwamba akili hukaa moyoni. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: maneno hutoka na pumzi, pumzi hutoka kifuani, na kifuani ndimo ulimo moyo. Waswahili hatuna sababu ya kuwacheka, sisi ambao hadi leo tunasema moyoni na kuweka mambo moyoni.

Galen aliona udhaifu wa hoja hiyo. Alifuata nyuzi zinazoisogeza misuli ya zoloto, yaani kile kisanduku cha sauti kinachojitokeza kooni mwa wanaume, akagundua kwamba haziji kutoka juu moja kwa moja. Zinatoka kwenye neva kubwa inayoshuka kutoka ubongoni, zinapita shingo bila kusimama, zinaingia kifuani, zinazunguka mshipa mkubwa wa damu, kisha zinapanda tena shingoni hadi kwenye zoloto.

Ili kuieleza safari hiyo, alitumia mfano wa kapi. Mtu wa pwani aliyewahi kuona tanga la jahazi likipandishwa ataelewa bila kuchorewa: baharia huvuta kamba kwenda chini, kamba hiyo hupita kwenye kapi na kugeuka, na tanga likapanda. Kwenye mwili kapi ni mshipa wa damu. Upande wa kushoto ni aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, na upande wa kulia wa binadamu ni ateri inayokwenda mkononi.

Galen aliwapasua hata ndege wenye shingo ndefu, kama korongo na mbuni, kuhakikisha kwamba safari ni hiyo hiyo. Hakumpasua twiga, na hilo ni bahati mbaya, maana angefurahi. Twiga tunaowaona Serengeti na Tsavo wana neva hiyo hiyo, inayoshuka shingo yote na kuipanda tena, ikifanya urefu unaopita mita 4 kwenda kuhudumia zoloto iliyo karibu kabisa na ilikoanzia.

Onyesho la nguruwe, basi, lilikuwa jibu kwa Wastoa. Hakuugusa moyo. Alifunga uzi kwenye neva inayotoka ubongoni, na sauti ikanyamaza.

Siku ya kwanza mambo hayakwenda vizuri. Mwanafalsafa mmoja, Alexander wa Damascus, aliuliza kabla ya kisu kushikwa iwapo ushahidi wa macho unafaa kuaminiwa. Galen alikasirika, akakusanya vyake na kuondoka. Ilibidi aombwe kurudi, ndipo maonyesho yakafanyika kwa siku kadhaa, huku Boethus akileta waandishi wa mkato kunakili maelezo.

Ugunduzi huo haukuwa wa kushinda mabishano tu. Galen ameandika habari za mtoto aliyekuwa na uvimbe wa tezi shingoni. Mpasuaji, akiogopa kukata mishipa ya damu, aliamua kuung'oa uvimbe kwa kucha. Uvimbe ulitoka na mtoto akapona, lakini hakusema tena, kwa kuwa neva zote mbili za sauti zilichanika pamoja na tezi. Mtoto mwingine, kwa mpasuaji mwingine, aliharibiwa neva moja, akabaki na nusu ya sauti.

Watu walistaajabu kwamba koo halikuguswa na sauti imepotea. Galen ndiye aliyewaeleza sababu.

Tauni, ikulu na moto

Mwaka 166, tauni kubwa ilipoingia Roma na majeshi yaliyorudi kutoka mashariki, Galen aliondoka kwenda kwao. Katika kitabu kimoja anasema aliondoka mara tauni ilipoanza, na katika kingine anasema aliwakimbia washindani waliomwonea wivu. Msomaji anaweza kuchagua, au kuamini yote mawili.

Hakukaa sana. Kaisari Marcus Aurelius na mwenzake Lucius Verus walimwita kambini Aquileia, kaskazini mwa Italia, ambako tauni iliwakuta majira ya baridi ya 168. Kaisari alitaka kumchukua vitani Ujerumani, naye Galen akaeleza kwamba Asclepius alikuwa amemkataza ndotoni. Udhuru ulikubaliwa, akaachwa Roma kuangalia afya ya mwana wa Kaisari, Commodus.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuandika. Aliandika kuhusu mapigo ya moyo, homa, vyakula, dawa, mifupa, misuli na neva, na juu ya yote aliandika kuhusu yeye mwenyewe. Kazi zake zilizosalia, zilipochapishwa Leipzig kati ya 1821 na 1833, zilijaza juzuu 20.

Mwaka 192 moto uliteketeza maghala yaliyokuwa karibu na Hekalu la Amani mjini Roma, ambamo Galen alikuwa amehifadhi vitabu, dawa na vyombo vyake vya upasuaji. Kazi nyingi ambazo hazikuwa na nakala nyingine zilipotea siku hiyo. Barua ndefu aliyomwandikia rafiki kueleza jinsi alivyoustahimili msiba huo ilidhaniwa imepotea pia, hadi ilipopatikana mwaka 2005 katika maktaba ya monasteri mjini Thessaloniki, Ugiriki.

Kuhusu kifo chake wanahistoria hawakubaliani. Chanzo kimoja cha Kigiriki kinampa miaka 70, hivyo angekuwa amekufa karibu na mwaka 200. Vyanzo vya Kiarabu vinampa miaka 87, hivyo alifika mwaka 216 hivi, na siku hizi wengi wanaelekea upande huo.

Ni Waarabu pia waliookoa sehemu muhimu ya kazi yake. Katika karne ya 9 mjini Baghdad, Hunayn ibn Ishaq aliorodhesha vitabu 129 vya Galen vilivyokuwa vimetafsiriwa kwa Kisiria na Kiarabu, vingi kwa mkono wake. Sehemu ya mwisho ya kitabu kikuu cha Galen kuhusu upasuaji wa mwili, ambamo zimo sura za zoloto na neva zake, imetufikia kwa Kiarabu peke yake. Asili ya Kigiriki imepotea.

Kwa njia hiyo hiyo mafundisho yake yalifika hata pwani ya Afrika Mashariki. Waganga wa vitabu wa Mombasa na Zanzibar wanaopima mwili wa mgonjwa kwa hari, baridi, yabisi na rutuba wanatumia mizani iliyopita mikononi mwa Jalinus, ingawa si wote wanaolijua jina hilo.

Shingo si zote sawa

Tatizo la urithi huo ni kwamba uliheshimiwa kupita kiasi. Kwa karne nyingi profesa alisoma maneno ya Galen kutoka kiti cha juu, huku msaidizi akipasua maiti chini, na pale maiti ilipopingana na kitabu, kosa lilikuwa la maiti.

Mwaka 1543 Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels aliyefundisha Padua, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba Galen alikuwa ameeleza miili ya wanyama. Mfupa wa kidari hauna sehemu saba, taya la chini si mifupa miwili, na ule wavu wa mishipa ya damu chini ya ubongo, ambao Galen aliuona kwa ng'ombe, binadamu hana.

Neva ya sauti ilistahimili mtihani huo. Hapo Galen alikuwa sahihi, kwa nguruwe na kwa mtu.

Au karibu sahihi. Mwaka 1823 daktari George Stedman alichapisha habari za maiti ambayo neva ya sauti ya upande wa kulia haikushuka kifuani wala kuzunguka mshipa wowote. Ilitoka kwenye neva kuu palepale shingoni, ikakata kwenda moja kwa moja kwenye zoloto.

Sababu yake ilieleweka baadaye. Kijusi cha wiki chache hakina shingo, na moyo wake uko juu, karibu na zoloto inayochipuka. Moyo unaposhuka kifuani, mishipa ya damu huikokota neva, na hiyo ndiyo asili ya safari ndefu ya kwenda na kurudi. Lakini kwa watu wachache kipande cha mshipa wa upande wa kulia hufutika mapema. Damu ya mkono wa kulia hutafuta njia nyingine, kwa kawaida nyuma ya umio, na neva ikakosa kapi la kuizungusha. Hubaki juu, fupi na nyoofu.

Hali hiyo hupatikana kwa mtu mmoja hivi kati ya kila mia, upande wa kulia. Upande wa kushoto ni nadra mno. Mwenye nayo huongea, huimba na kuadhini kama wengine, na hana dalili yoyote ya kumwambia kwamba yuko tofauti.

Hatari humjia akipasuliwa tezi ya shingo. Neva hupita nyuma tu ya tezi hiyo, na hata kwa watu wa kawaida haina adabu ya kufuata picha ya kitabu: kwa mmoja hupita mbele ya ateri ya tezi, kwa mwingine nyuma, kwa mwingine katikati ya matawi yake, na mara nyingi hugawanyika kabla ya kuingia kwenye zoloto. Mpasuaji akikata tawi moja, anaweza kuwa amekata lile lenye kazi.

Nchini Tanzania jambo hili si la mbali. Katika Nyanda za Juu Kusini rovu lilikuwa ugonjwa wa kawaida kabla ya chumvi kuanza kutiwa madini joto kwa nguvu ya sheria katikati ya miaka ya 1990, na upasuaji wa tezi ya shingo bado unafanyika.

Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, aliyefanya zaidi ya operesheni 5,000 za tezi hiyo na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1909, aliifanya kazi hiyo kuwa salama kwa utaratibu wake wa polepole na usafi. Kwa muda mrefu wapasuaji wengi waliamini kwamba neva ni bora ikae bila kuguswa wala kutafutwa. Mwaka 1938 Frank Lahey wa Boston, Marekani, akiwa na uzoefu wa maelfu ya wagonjwa, alitetea kinyume chake: itafute neva kila mara, ione kwa macho, kisha ndipo ukate. Walioumia walipungua, na hoja yake ndiyo iliyoshinda.

Siku hizi, penye vifaa, mgonjwa huwekewa kooni mpira wenye vipokea umeme, na mpasuaji akiigusa neva kwa ncha ya kipimo, mashine hulia. Picha ya skani kabla ya operesheni ikionyesha ateri ya mkono wa kulia ikipita nyuma ya umio, daktari hujua mapema kwamba neva huenda haikushuka kifuani.

Pasipo na vifaa hivyo, kanuni ni macho na subira. Neva isipoonekana pale inapotarajiwa, kisu husimama, na uzi wowote mweupe unaokatiza kutoka pembeni kuelekea kwenye zoloto huchukuliwa kuwa ndiyo neva mpaka ithibitike sivyo. Zikiharibika zote mbili, mgonjwa hapotezi sauti tu. Nyuzi za sauti zinaweza kuziba njia ya hewa, akalazimika kutobolewa koo ili apumue.

Ndiyo maana, mgonjwa wa tezi anapozinduka kutoka usingizi wa dawa, mpasuaji humwomba aseme chochote, hata jina lake, naye husimama kando ya kitanda akisikiliza.